Jina Lililoandikwa na Jina Lisiloandikwa: Juu ya Orodha ya Waliohukumiwa kwa Makosa ya Kingono

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Bugarama, Wilaya ya Rusizi, baada ya kazi ya Umuganda)

Tunasema nanyi kwa Kiswahili kwa sababu hapa Bugarama hiyo ndiyo lugha ya soko na ya msikiti tangu zamani, kabla hata Bunge halijaipitisha kuwa lugha rasmi ya nchi yetu mwaka 2017. Tunaitumia pia kwa kuwa wengi wenu mna ndugu Kamanyola, Uvira, Bukavu na ng'ambo ya Ruhwa, na maneno tutakayoyasema leo yanawahusu wao kama yanavyotuhusu sisi.

Tumekuja kwa ajili ya swali moja. Tumeulizwa swali hili mara nyingi mwaka huu, katika mikutano ya Jumanne na katika umugoroba w'imiryango, na mara nyingi zaidi tumeulizwa faraghani, kwa sauti ya chini, na mama aliyesimama mlangoni mwa ofisi yetu akiwa na simu mkononi. Swali lenyewe ni hili: je, afande, ni kweli kwamba majina ya watu waliowanajisi watoto yameandikwa mahali, na kwamba mtu wa kawaida anaweza kuyatafuta?

Jibu letu ni kwamba ndiyo, kwa kiasi. Kiasi hicho tunataka tukieleze vizuri, kwa sababu tumeona madhara ya kulijua jambo nusu.

Tuanze na kisa, nasi tumebadilisha baadhi ya mambo yake ili mwenyewe asitambulike. Mama mmoja wa tarafa zetu hizi za bondeni huamka saa kumi za usiku, akajitwika beseni la nyanya na kuelekea mpakani ili awahi wanunuzi wa upande wa pili. Hurudi jua likiwa limeinama. Ana watoto watatu, na mkubwa wao ana miaka kumi na mmoja. Siku moja alitokea kijana aliyetaka kupanga chumba cha uani, akasema kwamba badala ya kulipa kodi yote atawaangalia watoto mchana na kuwafundisha hesabu jioni. Ni nani kati yenu asiyeujua uzito wa toleo kama hilo kwa mtu asiye na wa kumwachia watoto? Lakini mama yule hakukurupuka. Alikuja kwetu, akataja jina la kijana, akasema: "Afande, nitafutie huyu, nijue ninamwingiza nani nyumbani."

Tuliona fahari juu yake, na tunasema hivyo mbele yenu. Mtu anayeuliza kabla ya kufungua mlango amefanya nusu ya kazi ya polisi.

Sasa, ni nini kinachoweza kutafutwa? Mwaka 2020 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ile tunayoiita NPPA, iliweka kwenye tovuti yake, kwa mara ya kwanza, orodha ya majina ya watu zaidi ya 300 waliohukumiwa na mahakama zetu kwa makosa ya unajisi wa watoto na ubakaji. Jambo hilo lilizungumzwa sana wakati ule. Wapo waliosema kwamba aibu ni dawa, na wapo wanasheria waliouliza kama mtu aliyekwisha kupewa adhabu na hakimu anaweza kuongezewa nyingine na tovuti. Hatukuja kuwarudisha katika mabishano hayo, ingawa tunakiri kwamba hata miongoni mwetu maafisa hatukuwa na kauli moja. Tunalotaka mlishike ni kwamba orodha ya namna hiyo ni picha ya siku ilipotolewa. Aliyehukumiwa baada ya siku hiyo hamtamkuta humo. Aliyeshtakiwa akaachiliwa hamtamkuta, na ni haki asiwemo. Aliyetajwa na majirani lakini asishtakiwe kamwe hamtamkuta, na huyo tutamrudia baadaye, kwa sababu ndiye anayetukosesha usingizi.

Tulipolitafuta jina la kijana yule, tulilipata. Mama akashika kifua. Kabla hatujamaliza kusoma mstari wenyewe, alikuwa amekwisha kupiga picha ukurasa ule kwa simu yake.

Hapa ndipo tunaomba msikilize kwa makini. Ninyi mnajua tunavyopeana majina katika nchi hii. Mtoto wetu harithi jina la baba kama wafanyavyo Wazungu. Kila mmoja hupewa lake siku ya kuitwa jina. Ndugu watano wa tumbo moja wana majina matano yasiyofanana, na watu wasio na undugu wowote, mmoja wa Nyagatare na mwingine wa Nkombo, wanaitwa Habimana wote wawili. Mkiita Nsengiyumva katika soko la Kamembe siku ya gulio, watageuka wanaume wangapi? Mkiongeza jina la ubatizo, Emmanuel au Jean Bosco, bado watabaki wengi. Tena majina hayo hayo yanavuka mto na kukaa Burundi na Kivu ya Kusini. Kwa hiyo jina peke yake halimwonyeshi mtu. Lazima mlilinganishe na mwaka wa kuzaliwa, mahali alikozaliwa, wazazi wake, na juu ya yote namba ya kitambulisho. Tulipolinganisha, tulikuta kwamba aliyeandikwa alimzidi kijana wa mama yule kwa miaka kumi na minane, alizaliwa mkoa mwingine, na adhabu yake haikuwa imekwisha. Mtu aliye gerezani hawezi kuwa anaomba chumba cha uani Bugarama.

Lakini picha ilikuwa imekwisha kwenda. Mama aliituma kwa mwenzake wa ikimina, mwenzake akaitia katika kundi la WhatsApp la wachuuzi, na kufikia jioni ilikuwa imevuka mpaka na kurudi. Wala haikumwangukia yule kijana. Ilimwangukia mwendesha pikipiki mmoja mwenye jina hilo hilo, baba wa watoto wanne, anayebeba abiria kutoka Bugarama kwenda Kamembe. Kwa majuma kadhaa abiria wanawake walikataa kupanda pikipiki yake. Mtoto wake alirudi kutoka shule akilia. Tulilazimika kwenda naye kwenye mkutano wa mudugudu, kitambulisho chake mkononi, ili kumsafisha mtu ambaye hakuwahi kuchafuka. Hata leo, anasema, wapo wanaomtazama kwa jicho la pembeni.

Wenzetu wa mbali waliotangulia katika jambo hili wameona makubwa zaidi. Marekani ndiyo nchi iliyofungua madaftari haya kuliko zote. Tangu sheria yao ya mwaka 1996, ile inayoitwa Megan's Law kwa jina la mtoto wa New Jersey aliyeuawa na jirani mwaka 1994, kila jimbo lilitakiwa kuwajulisha watu juu ya wahalifu wa aina hii, na leo mwananchi wa huko, hata aishi shambani mbali na mji, anaweza kuandika jina la mji wake katika tovuti na kuona picha na anwani. Mwezi wa Aprili 2006 kijana mmoja alitoka Kanada, akaingia katika jimbo la Maine, jimbo la misitu na vijiji, akachukua anwani kutoka katika daftari hilo la wazi na kuwapiga risasi wanaume wawili majumbani mwao. Mmoja wa hao wawili alikuwa amehukumiwa akiwa na umri wa miaka 19 kwa sababu ya mpenzi wake aliyebakiza siku chache kutimiza miaka 16. Sheria za huko zilikuwa zimekwisha kumpa adhabu yake. Hatusemi haya ili tuwahurumie wanajisi. Tunayasema kwa kuwa nchi yetu inajua, kuliko nyingi, kinachotokea orodha za majina zinaposhikwa na watu wenye hasira. Wazee waliopo hapa hawahitaji tuendelee.

Nchi nyingine zimechagua njia za katikati. Uingereza mzazi mwenye wasiwasi juu ya mtu fulani anayekutana na mtoto wake huenda polisi na kuuliza. Polisi huchunguza, na kama kuna hatari humwambia mzazi huyo peke yake, kwa sharti la kutunza siri. Afrika Kusini daftari lipo kwa sheria ya mwaka 2007, na limewekwa hasa ili mwajiri ajue kama anayetaka kazi ya kukaa na watoto amewahi kuhukumiwa. Kenya nayo, katika Sheria yake ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ilimpa Msajili wa Mahakama Kuu jukumu la kutunza daftari la waliohukumiwa. Kwa maoni yetu njia ya kuuliza faraghani na kujibiwa faraghani ndiyo inayofaa vijiji vyetu zaidi, ambamo kila mtu anajua mlango wa kila mtu. Hayo ni maoni yetu tu. Sheria hutungwa Kigali.

Kwetu kuna hati ambayo wengi wenu mnaijua lakini hamuitumii kwa jambo hili. Ni hati inayothibitisha kwamba mtu hakuhukumiwa, icyemezo cy'uko utakatiwe n'inkiko, ambayo watu wa umri wetu bado wanaiita kwa jina lake la Kifaransa. Inatolewa na NPPA kwa njia ya Irembo. Asiye na simu ya intaneti humwendea wakala wa Irembo, nao wapo Kamembe, wapo Bugarama, wapo katika vituo vidogo vingi. Uzuri wake ni kwamba inafungwa na namba ya kitambulisho, kwa hiyo Habimana huyu hawezi kuchanganywa na Habimana yule. Ubaya wake, kama ni ubaya, ni kwamba mwenyewe ndiye anayeiomba. Wewe huwezi kumwombea jirani kwa siri. Lakini unaweza kumwambia anayetaka kukaa na watoto wako: "Mwanangu, leta hati, kisha tuzungumze." Shule humwomba mwalimu hati hiyo. Benki humwomba karani. Kwa nini sisi tuone haya kumwomba mtu tunayemkabidhi watoto kuanzia alfajiri hadi magharibi? Kijana mwema hatakasirika. Na akikasirika, umejifunza kitu bila gharama.

Kijana wa mama yule aliileta ndani ya siku chache. Ilikuwa safi.

Hata hivyo hati hiyo inazungumzia hukumu za mahakama za Rwanda tu. Mtu aliyehukumiwa Bukavu au Bujumbura anaweza kuwa na karatasi safi ya Kigali. Sheria za jirani zetu si legevu: Kongo ilirekebisha sheria yake ya jinai tarehe 20 Julai 2006, na ubakaji huko unaadhibiwa kwa kifungo cha miaka mitano hadi ishirini. Lakini karatasi za ng'ambo zinazoletwa kwetu mara nyingi ni zile za maisha na mwenendo mwema zinazoandikwa na ofisi ya komini, nazo hazisemi lolote juu ya mahakama. Kwa hiyo mkiwa na shaka kuhusu mtu aliyetoka upande wa pili, msikae mkizungusha jina lake sokoni. Leteni kwetu au kwa RIB. Polisi wa nchi zetu wana njia zao za kuulizana, na Interpol ina tangazo maalumu, lile la rangi ya kijani, la kuonya juu ya mtu aliyewahi kutenda jinai na anayeweza kuirudia katika nchi nyingine. Si kila swali litajibiwa kesho. Lakini swali lililofika kwetu lina nafasi ya kujibiwa kuliko lile lililobaki kwenye kundi la simu.

Juu ya makundi hayo ya simu tunatoa onyo moja bila kuzungukazunguka. Tangu tarehe 13 Oktoba 2021 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, na kabla yake, mwaka 2018, ilipitishwa sheria ya makosa ya mtandao inayoadhibu uenezaji wa uvumi. Anayepiga picha jina la mtu, akaliongezea maneno yake na kulitawanya, anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Pia msisahau kwamba anayemtangaza mnajisi mara nyingi anamtangaza mtoto pamoja naye. Ukisema "fulani wa mtaa wa juu alihukumiwa kwa mtoto wa ndugu yake", umekwisha kumwonyesha mtoto kwa kidole, naye ataishi na kidole hicho mpaka aolewe na baada ya hapo.

Sasa turudi kwa yule tuliyesema anatukosesha usingizi.

Mama wa nyanya alipokuja kuchukua majibu ya hati, alikaa kuliko ilivyohitajika. Tulimpa kiti, tukampa maji. Akauliza kama orodha ile ina majina ya watu wa kijiji chake. Tukamwuliza kwa nini. Akasema: "Natafuta jina moja tu, na najua halimo." Kisha akatuambia kwamba miaka miwili iliyopita binti yake alidhuriwa na mtu wa ukoo. Wazee walikaa. Mbuzi wawili waliletwa, na pombe, na fedha kidogo za matibabu. Mtu yule aliomba radhi mbele ya watu. Ikaambiwa kwamba jambo limekwisha, kwamba msichana hapaswi kuharibiwa jina, kwamba ukoo usivunjike. Mtu yule anakaa milango mitatu kutoka kwake hadi siku aliyotusimulia, na watoto wa jirani hupita uani kwake kila siku wakienda kuchota maji.

Tunataka mlifikirie hilo. Mama huyu alimtafuta mgeni katika orodha ya taifa, akamwomba hati, akamlinganisha namba, naye mgeni akawa mtu safi. Na yule ambaye hati yake nayo ingetoka safi, kwa sababu hakuwahi kufikishwa popote, alikuwa karibu kiasi cha kusikia mtoto akikohoa. Sisi tuliokaa katika kazi hii miaka mingi tunaweza kuwathibitishia kwamba anayemdhuru mtoto kwa kawaida ni mtu ambaye mtoto anamjua kwa jina: mjomba, baba wa kambo, jirani, mwalimu, kijana wa kazi, anayeongoza kwaya, anayefundisha juzuu. Mgeni wa usiku ni nadra. Orodha ya waliohukumiwa hujazwa na watu walioripotiwa. Kila mbuzi anayechinjwa kumaliza jambo hili anafuta jina moja kutoka katika orodha ambayo kesho mama mwingine ataitafuta.

Sheria yenyewe haikuacha nafasi ya mbuzi. Sheria namba 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2019, inamhukumu anayemnajisi mtoto kifungo cha miaka 20 hadi 25, na mtoto kwa sheria yetu ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Mtoto akiwa chini ya miaka 14, kifungo ni cha maisha. Tena wapo wanaofikiri kwamba kumwoza msichana kwa aliyemdhuru ni kulisafisha jambo. Sheria inasema kinyume: unajisi ukifuatwa na kuishi pamoja kama mume na mke, adhabu inapanda hadi kifungo cha maisha. Baba anayemkabidhi binti yake kwa namna hiyo hajamwokoa yeyote. Wala msamaha wa familia hausimamishi mashtaka, kwa kuwa anayeshtaki ni taifa, si ukoo.

Tunajua yanayojibiwa kwa sauti ya chini. Kwamba aliyekosa ndiye anayelisha nyumba. Kwamba mtoto atachekwa. Kwamba mambo ya mahakama ni marefu na Kamembe ni mbali kwa asiye na nauli. Haya si maneno ya kijinga, nasi hatuyadharau. Mwenye nyumba ya mtu mmoja anayeleta chakula anajua anachokiogopa. Tunachoweza kusema ni kile kilichopo. Kituo cha Isange, kilichoanzishwa katika hospitali ya polisi ya Kacyiru mwaka 2009, leo kipo katika hospitali za wilaya nchi nzima. Sisi wa Rusizi tunacho Gihundwe na tunacho Mibilizi, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na bonde hili. Hapo mtoto hukutana chini ya paa moja na daktari, na mtu wa kumtuliza moyo, na mpelelezi wa RIB, wala halazimiki kulisimulia jambo lake mlango kwa mlango. Huduma hiyo hailipiwi. Mtoto asiye na bima hupokelewa. Mtoto wa mgeni aliyedhurika upande huu wa mto hupokelewa pia.

Fikeni mapema. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Na ushahidi wa mwilini hupotea kwa maji na kwa saa. Tunajua mama anapomkuta mtoto katika hali ile, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye beseni la kuogea. Mzuieni mkono huo, ingawa ni mkono wa huruma. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonekana na daktari, na nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Zifungwe katika karatasi au kitambaa. Msitumie mfuko wa plastiki, kwani nguo mbichi huoza ndani yake. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu 2008, lakini tunajua ni wapi bado inavushwa, na leo hatukuja kwa ajili hiyo.

Aliyechelewa asirudi nyumbani kwa sababu amechelewa. Binti wa mama yule alifika Isange baada ya miaka miwili. Hakukuwa na nguo wala alama. Kulikuwa na maneno ya mtoto, yaliyosikilizwa na mtu aliyefunzwa kumsikiliza mtoto. Jambo hilo sasa liko mbele ya vyombo vinavyohusika, mtuhumiwa anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme, nasi hatutaongeza neno. Tunachoruhusiwa kusema ni kwamba binti anakwenda shule.

Kuna mzee mmoja aliyetuuliza mwezi uliopita, na swali lake lilikuwa zuri: je, aliyemaliza kifungo akirudi kijijini, tumfanyeje? Tumfukuze? Tukamjibu kwamba hapana. Aliyemaliza adhabu ana haki ya kulima shamba lake na kuketi na watu, na akifukuzwa hapa atakwenda mahali asikojulikana, ambako ni hatari zaidi. Lakini kuketi na watu si kukabidhiwa watoto. Viongozi wa mudugudu na Inshuti z'Umuryango, ambao katika kila mudugudu ni wawili, mwanamke na mwanamume, wanaweza kumwambia waziwazi mambo asiyopaswa kuyafanya: asifundishe masomo ya jioni, asilaze watoto wa ndugu, asiwe wa kuwasindikiza shule. Yasemwe mbele yake, kwa heshima, si nyuma yake kwa minong'ono. Mzee hakuridhika sana na jibu hilo. Alisema kwamba zamani mtu kama huyo angevushwa mto. Tulimkumbusha kwamba ng'ambo ya mto nako kuna watoto.

Namba za simu mnazo, lakini tuzirudie kwa ajili ya waliokuja leo mara ya kwanza, na zote hazitozi fedha. Kwa ukatili wa kijinsia, 3512. Kwa jambo lolote la mtoto, 116, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. RIB ni 166. Kwa dharura ya papo hapo, 112. Mkiwa upande wa pili wa mpaka simu hizi hazitawapata. Basi semeni na afisa wa kwanza mtakayemkuta mnaporudi mpakani, naye amekwisha kuelekezwa la kufanya.

Tumeweka meza mbili chini ya mti ule karibu na ofisi ya tarafa. Katika ya kwanza yupo wakala wa Irembo aliyekubali kukaa hadi saa tisa alasiri, kwa yeyote anayetaka kuombewa hati. Njoo na kitambulisho. Katika meza ya pili tupo sisi, maafisa wawili, mmoja wao mwanamke. Tumeigeuza iangalie upande wa mashamba, ili anayekuja kukaa asionekane uso na walioko barabarani. Mwenye swali la kutafuta jina aje nalo. Mwenye jina ambalo anajua halimo katika orodha yoyote, aje nalo pia, nasi tutakaa hapa mpaka wa mwisho aondoke.